Askari wa kigeni waondoke lini? Toka Uvira ya 2002 mpaka Bijombo ya leo

Watu wazima wa Uvira wanaikumbuka wiki moja ya mwezi wa kumi 2002. Askari wa Rwanda walikuwa wamekwisha ondoka, sawasawa na mapatano yaliyosainiwa kule Pretoria. Mji ulibaki mikononi mwa RCD-Goma peke yake. Tarehe 13 Mai-Mai wakashuka kutoka milimani na kuushika mji. Tarehe 19 RCD wakarudi, wakaunyang'anya. Siku sita tu, na katikati ya hizo siku sita maelfu ya watu walikimbilia Burundi na vile walivyoweza kubeba, wakimwacha mzee ama mgonjwa ndani ya nyumba juu hakuna wa kumbeba.

Kwenye karatasi, kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri. Tarehe 5 ya mwezi ule ule, Kigali ilikuwa imetangaza kwamba askari wake wa mwisho amevuka mpaka. Wakubwa walipongezana. Uvira ndiyo ililipa.

Tunarudilia ile hadithi juu swali lake limerudi, na safari hii linapanda mpaka Bijombo. Tangu 2022 askari wa Burundi wako katika Kivu ya Kusini, na wengi wao wako kule juu, kwenye Hauts Plateaux za Uvira, Fizi na Mwenga. Siku moja wataondoka, maana hakuna jeshi la kigeni linalokaa milele. Kwa wewe unayechimba Misisi, Kamituga ao Luhwindja na umeacha familia Bijombo, hiyo si habari ya redio tu. Ni kujua utamtumia mama watoto franga kwa njia gani, kama ng'ombe aliyeuzwa atafika sokoni, kama mtoto ataweza kushuka Uvira kufanya Exétat.

Tuseme kwanza jambo moja wazi, ili mtu asitusome vibaya. Hakuna mtu wa huku aliyelilia majeshi ya kigeni ya vita ya 1998 yabaki. Mwisho wa 1998 na siku za kwanza za 1999, Makobola, kusini ya Uvira, iliona mamia ya raia wakiuawa. Ripoti ya ONU iitwayo Mapping inataja waasi wa RCD pamoja na askari wa Rwanda na wa Burundi. Mwezi wa tano 2000 ilikuwa zamu ya Katogota, katika bonde la Ruzizi. Mtu aliyezika watu wake pale Makobola hana haja ya kufundishwa kwamba wageni wanapaswa kurudi kwao. Swali lake ni lingine: waondoke namna gani, na siku ya kesho yake nani atakuwa njiani.

Mapatano ya Lusaka yalisainiwa mwezi wa saba 1999. Yalipanga kwamba majeshi yote ya kigeni yatakuwa yametoka ndani ya siku 180. Hesabu vidole: ilipaswa kuwa imekwisha mwanzoni mwa 2000. Badala yake, mwezi wa sita 2000 Rwanda na Uganda, waliokuwa rafiki, walipigana siku sita katikati ya mji wa Kisangani, na Baraza la Usalama likatoa azimio 1304 la kuwataka waondoke. Hawakuondoka. Burundi yenyewe haikusaini hata Lusaka, ijapokuwa askari wake walikuwa pwani ya ziwa, wakiwinda waasi wa FDD.

Kwa nini siku 180 zikawa miaka mitatu? Juu kila mmoja alimwambia mwenzake: wewe kwanza. Kigali ilisema itatoka kisha Interahamwe na wale wa zamani wa jeshi la Habyarimana kunyang'anywa silaha. Kinshasa ilisema haitawagusa mpaka mvamizi aondoke. Zimbabwe na Angola, waliokuja kumsaidia Kabila mzee, walisema wao waliitwa na serikali halali, basi watatoka wa mwisho. Hilo fundo ni la wanandoa waliogombana: kila mmoja amesimama mlangoni akingoja mwingine aombe radhi, na watoto wanalala njaa.

Huku kwetu juu ya milima, sababu yenyewe ya vita ilikwisha kuoza mbele ya askari kuondoka. Mojawapo ya sababu zilizotolewa kwa kuja kwao ilikuwa kuwalinda Banyamulenge. Mwanzoni mwa 2002 Patrick Masunzu, mwana wa plateau, akawaasi RCD na jeshi la Rwanda. Ile miezi yote, jeshi lililosema limekuja kulinda watu wa plateau likawa linapigana nao kwenye malisho yao wenyewe, upande wa Minembwe. Kama kuna alama moja ya kumwambia mkubwa wa nchi kwamba saa ya kurudisha watoto wa watu nyumbani imefika, ndiyo hiyo: siku unapompiga yule uliyesema umekuja kwa ajili yake. Hukuhitaji mtaalamu kutoka New York kuiona.

Lakini wakubwa waliendelea kukaa, na wachimbaji wanajua sababu nyingine ambayo haikuandikwa Lusaka. Mwisho wa 2000 bei ya koltan ilipanda ajabu kwenye soko la dunia. Mwezi wa kumi na moja wa ule mwaka RCD ikampa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kununua na kuuza koltan yote ya eneo lake. Miezi michache tu, bei ikaanguka na ile haki ikafutwa. Upande wa pili, Zimbabwe nayo haikupigana bure: wakubwa wa jeshi lake waliingia katika biashara ya almasi kule Mbuji-Mayi. Vita ambayo inamlipa komanda haina tarehe ya kwisha. Komanda ataona adui kila kichaka.

Wataalamu wa ONU waliochunguza wizi wa mali ya Kongo waliliona mapema. Katika ripoti yao ya mwezi wa kumi 2002, wakati ule ule Uvira ilikuwa inakimbia, walieleza kwamba kutoka kwa majeshi hakutamaliza wizi, kwa maana wakubwa walikuwa wamekwisha panga njia nyingine za kuendelea na biashara: kampuni, wanunuzi, watu wao wenye silaha wa kubaki. Askari aliondoka na bunduki yake, comptoir ikabaki na mizani yake. Yule mchimbaji aliyekuwa anatoa sehemu ya mchanga wake kwa askari wa kigeni, kisha wiki mbili akawa anaitoa kwa mwingine anayeongea lugha ya kwao. Mzigo ulikuwa ule ule.

Pretoria iliwezaje kufungua fundo ambalo Lusaka ilishindwa? Tarehe 30 mwezi wa saba 2002, mbele ya Thabo Mbeki, Joseph Kabila na Paul Kagame walikubali mambo mawili yatembee pamoja, bila mmoja kungoja mwingine: Kinshasa ianze kuwashika Interahamwe, Kigali ianze kutoa askari, siku 90, na watu wa Afrika ya Kusini pamoja na ONU wakihesabu. Tarehe 17 mwezi wa tisa wa kwanza waliondoka Kindu. Zaidi ya askari 20,000 walitoka kwa majuma machache. Tukubali: ilikuwa kazi kubwa, na ilifaulu mahali ambapo maazimio yote yalishindwa. Wenye kufikiri kwamba mapatano ni maneno ya bure wasome hapo.

Ila ule mpango ulihesabu wanaotoka. Haukuhesabu wanaopokea. Hakuna aliyeandika nani atalinda Uvira siku ya tarehe 6, nani atakaa Kamanyola, nani atashika njia ya kupanda Bijombo. Serikali ya Kinshasa haikuwa na askari huku. MONUC ilikuwa na wachache. Basi Mai-Mai waliona mlango wazi wakaingia, na RCD wakarudi kuufunga. Ni nani wa kushangaa?

Na hawakujifunza, ao walijifunza nusu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Bunia. Uganda ilikuwa imesaini na Kinshasa kule Luanda, mwezi wa tisa 2002. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2003 askari wake wakaondoka Bunia. Mahali pao palikuwa na kikosi kidogo cha Uruguay chini ya ONU, ambacho hakikuja kupigana. Wanamgambo wa Kilendu na wa Kihema wakaingia mjini, mamia ya watu wakafa, na wengine wakajazana kwenye uzio wa ONU na uwanja wa ndege. Ilibidi Ulaya ilete jeshi la haraka, Wafaransa mbele, operesheni iliyoitwa Artemis, mwezi wa sita. Juu kidogo ya Bunia iko Mongbwalu, na ndugu zetu wachimba dhahabu wa kule wanaweza kueleza vizuri zaidi ya gazeti namna machimbo yalivyopita kutoka mkono mmoja mpaka mwingine katika miaka ile.

Mtu anaweza sema: basi bora kungoja, wasiondoke mpaka usalama urudi. Hapo nakataa. Hayo maneno, "tutaondoka usalama ukirudi", ndiyo yanayopendwa zaidi na wale wanaokula kwenye bariere. Usalama ukirudi, wao watakula wapi? Na kungoja nako kuna bei yake kwa mwenye jeshi. Angalia SADC. Askari wa Afrika ya Kusini, Malawi na Tanzania walikuja Kivu ya Kaskazini kupigana na M23 tangu mwisho wa 2023. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ilipoanguka, Afrika ya Kusini peke yake ilipoteza askari 14. Malawi ikasema inatayarisha kuondoka, na tarehe 13 mwezi wa tatu wakubwa wa SADC wakafunga kazi yote. Lakini wakati ule uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa mikononi mwa M23. Ile safari ya kurudi, iliyoanza mwisho wa mwezi wa nne, ilibidi ipite kwa barabara ndani ya Rwanda, nchi ile ile waliyoishtaki kwamba inamsaidia adui wao, mpaka Tanzania. Aliyechelewa kuamua hana tena nafasi ya kuchagua mlango.

Kuna na ONU. Mwezi wa saba 2022 watu walijaa barabarani Goma, Butembo, mpaka Uvira, wakitaka MONUSCO iende. Kinshasa ikaomba iende haraka, na mwezi wa kumi na mbili 2023 Baraza la Usalama likakubali kwa azimio 2717. Kivu ya Kusini ndiyo ilikuwa ya kwanza. Tarehe 28 mwezi wa pili 2024, kambi ya Kamanyola ilikabiziwa polisi ya Kongo, kwa muziki na hotuba, na katikati ya mwaka MONUSCO ilikuwa imekwisha toka katika jimbo letu. Safari hii kulikuwa na kalenda, kulikuwa na jina la mwenye kupokea, kulikuwa na funguo zilizopokelewa mkononi. Ilikuwa afadhali sana kuliko 2002. Kilichokosa ni nguvu ndani ya ule mkono uliopokea. Mwezi wa pili 2025 Bukavu ilianguka, na Kamanyola haikukaa. Hata mwaka mmoja kamili haukupita tangu hotuba zile. Kinshasa yenyewe ilikuwa imekwisha ona hatari: katikati ya 2024 ilisimamisha awamu iliyofuata, ya kuitoa MONUSCO Kivu ya Kaskazini.

Sasa turudi kwa Warundi. Walivuka mwezi wa nane 2022 kwa mapatano na Kinshasa, kwanza kuwawinda RED-Tabara na FNL, waasi wa kwao wanaojificha kwenye milima yetu. Kisha kazi ikapanuka: M23. Bujumbura ina sababu zake na si za kudharau. Toka Uvira mpaka Bujumbura ni mwendo mfupi wa gari. Gatumba iko pale pale ng'ambo ya Kavimvira. Mwezi wa kumi na mbili 2023 RED-Tabara waliua watu katika Vugizo, karibu na mpaka, na mwezi uliofuata Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Kwa Bujumbura, Uvira ni mlango wa nyumba.

Lakini ona namna kazi ilivyobadilika njiani bila mtu kuja kuwaeleza wenyeji. Na kule juu jibu linategemea unauliza nani. Kwa wengi wa Uvira mjini na katika bonde, Warundi ni ukuta. Kwa Banyamulenge wengi wa Minembwe na Bijombo, ni watu waliofunga njia ya soko na ya dawa, wakiwa pamoja na FARDC na Wazalendo. Bavira, Bafuliiru, Bembe na Banyindu wa plateau nao wana makaburi yao, na wanataja Twirwaneho na Gumino. Bijombo iliungua 2018, vijiji kwa vijiji, mbele Mrundi wa mapatano ya 2022 hajafika. Atakayesema kwamba wakiondoka Warundi amani itarudi Bijombo anadanganya. Na atakayesema wakibaki italindwa, naye hajatazama.

Mwezi wa kumi na mbili 2025 tuliona kile ambacho 2002 ilitufundisha na tukasahau. Tarehe 4, Tshisekedi na Kagame walikuwa Washington mbele ya Trump. Tarehe 10, M23 waliingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu wakavuka tena kwenda Burundi, wengine ni watoto wa wale wa 2002. Siku chache kisha, Wamarekani walipokaza, M23 wakatangaza kwamba wataondoka mjini, wakiomba jeshi lisiloegemea upande lije mahali pao. Hilo jeshi halikuonekana. Mwezi wa kwanza 2026 wakaondoka, na katika ile nafasi kati ya anayetoka na anayeingia, uporaji ukapita nyumba kwa nyumba. Tena karatasi ilikuwa na tarehe.

Na fundo la "wewe kwanza" liko pale pale. Mapatano ya tarehe 27 mwezi wa sita 2025, yaliyosainiwa Washington na mawaziri wa mambo ya nje, yanasema FDLR wamalizwe na Rwanda iondoe kile inachoita hatua zake za kujilinda. Yasome pamoja na yale ya Pretoria. Miaka 23, na maneno karibu ni yale yale. Majina tu ya wanamgambo yamebadilika.

Basi sisi tunaomba nini, watu wa mashimo na watu wa plateau? Kwangu mimi, tarehe peke yake haitoshi, na kungoja usalama ni kujidanganya. Mapatano ya Kinshasa na Bujumbura yawekwe wazi, raia ajue yanakwisha siku gani. Pembeni ya hiyo siku pawe na jina la kikosi kitakachopokea kila njia: ile ya kutoka Uvira kupanda Bijombo, ile ya Minembwe, ile ya kushuka Fizi. Kikosi chenyewe kisiwe cha upande mmoja wa jirani wanaogombana, maana hapo utakuwa umebadilisha rangi ya kofia tu. Na kianze kukaa pale miezi mbele ya mwingine kuondoka, si asubuhi ile. Bariere za malipo zitolewe na jeshi linapoondoka, zisirithiwe kama shamba la baba. Tena makubaliano ya soko, kati ya wazee wa jamii zote za Bijombo, yafanywe wakati bado kuna mtu wa tatu katikati, hata kama huyo wa tatu hapendwi. Nafahamu hilo la mwisho litawachoma wengine. Lakini 2002 hakuna aliyewakutanisha mbele ya lori la mwisho kuondoka, na kisha ilikuwa kuchelewa.

Mama mmoja mwenye mtoto askari kule Bubanza ao Cibitoke naye anataka kujua tarehe. Mtoto wake amelala kwenye baridi ya plateau akilinda kijiji ambacho hajui jina lake vizuri, na wengine waliotoka pamoja naye hawatarudi. Yeye na mama wa Bijombo hawajawahi kuonana, lakini swali lao ni moja, na wote wawili hawakuulizwa.

Mpaka leo, kijana anayetoka Misisi na vigramu vyake vya dhahabu, akitaka kupandisha unga na chumvi nyumbani, hafungui redio kusikiliza Washington. Kama réseau iko, anampigia ndugu yake wa Uvira na kumwuliza: "Njia ya juu, leo kuna nani?"